Waya Aliouacha Lotha

Pikapu ya Mama Nasari, ya nyanya za Ngarenanyuki,
imeingia gerejini saa mbili asubuhi
na harufu naijua kabla sijafungua boneti:
oili ya gia iliyochemka,
kama karanga zilizosahauliwa jikoni.

Hashuki. Anasema dirishani:
"Mdogo wako aliniambia imekwisha.
Mbona nikifika Usa inanuka?"

Mdogo wangu.
Machi aliipandisha gia boksi hii kwa jeki mbili na matusi,
otomatiki ya gia nne, ya kontena la Dar,
akaiozesha injini isiyoijua. Ndoa ya mkeka,
shahidi bamba la chuma lililochongwa mtaa wa pili.
Aprili tukagombana, laki tatu na nusu.
Mei akaenda Tunduma na boksi la spana,
hata ile namba kumi na nne
niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza.

Nalala chini ya gari, tochi kwenye meno,
vumbi la Unga Limited kooni.
Ubavuni mwa gia boksi, waya mmoja wa bluu,
umezungushiwa tepu nyeusi mara saba,
umefungwa pembeni kwa kamba ya kiatu
usije ukaguswa na ekzosi.
Hauendi popote.
Mvivu huacha waya ukining'inia.
Huyu alikusudia kurudi.

"Ndani kuna bakuli mbili zinatazamana," namwambia mama,
"katikati oili. Injini inazungusha moja,
oili inaisukuma ya pili. Hazigusani,
ndiyo maana ukisimama kwenye mataa gari halizimi.
Ila barabara ikinyooka, uko gia ya nne,
kuna sahani inatakiwa kubana, ziwe kitu kimoja.
Yako haibani. Inateleza tangu Machi,
na mtelezo wote huo unageuka moto."
"Kwa hiyo hazijawahi kushikana."
"Hazijawahi."
"Na zikishikana zisiachiane?"
"Utasimama Kijenge na injini itakufa hapohapo."
"Basi fanya yote mawili," anasema,
na kufungua gazeti.

Naanzia kwenye fyuzi, ampia kumi,
umeme unaolala ufunguo ukitoka.
Kisha pedali ya breki: swichi ina miguu minne.
Miwili huwasha taa za nyuma, miwili hukata.
Nataka inayokata.
Mwaka fulani niliunga ile mingine
na Lotha alicheka mpaka jioni.
Kisha kitufe kidogo kwenye dashibodi,
mama akipanda na kreti themanini azime mwenyewe.
Kisha chini, kwenye tundu la sakafu, na raba yake,
hadi kwenye bluu.

Naibandua tepu. Mzunguko wa saba
nakuta shaba inang'aa, lehemu imeshapakwa.
Ilibaki kazi ya saa moja.
Au mimi ndiye niliyemkatiza.

Barabara ya mchepuko, kilo themanini.
Gia ya tatu. Ya nne. Nabonyeza.
Hakuna mlio wowote.
Mshale wa mizunguko unashuka tu, elfu mbili mia nne,
mia tatu, mia moja,
kama mtu aliyepewa kiti baada ya foleni ya hospitali.
"Imetulia," anasema Mama Nasari.
Nagusa breki kwa mguu wa kushoto, mshale unapanda.
Naachia, unashuka.
Nagusa. Naachia.
Mara mbili zingetosha. Nimefanya sita.

Jioni, mikono bado ina grisi,
naandika kwenye simu: *Waya wa bluu nimeuunga.*
Nafunga geti. Nanunua mahindi ya kuchoma. Naoga.
Saa nne usiku simu inatikisika juu ya stuli:

*Kwenye breki umechukua miguu ipi?*