Safu ya Mwezi

Miaka minne ya madaftari yangu ya mizani,
Mwaloni Kirumba, kurasa zenye magamba na madoa ya chai,
Limi aliyanakili yote, akailisha kompyuta:
tarehe, mtumbwi, magunia ya dagaa, sahihi ya karani.
Akaiuliza: lini ziwa hunyima?

Haikumaliza hata muda wa kuchemsha maji.
"Karani akiwa Nyanjura, magunia hupungua."
Mara arobaini na saba, bila kukosa hata moja.
Hesabu safi. Kwa hesabu nisingeweza kuipinga.

Nikanyamaza, maana najua
ni mimi ninayemwachia kalamu.
Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa Igombe huanika nyavu,
kazi hulala, nami huvuka kwenda Ukara
kumwona mama. Hayo hayamo daftarini.
Nani huandika kwamba ziwa lina maji?

"Ongeza mwezi," nikasema.
"Safu ya mwezi ipo, baba mdogo,
wa kwanza hadi wa kumi na mbili."
"Sio huo. Ule wa juu."

Limi akacheka, kisha akaacha kucheka.
Usiku ule akaipa safu mpya, ukubwa wa mwanga angani,
na kanuni moja aliyoichota kinywani mwangu:
taa huita dagaa palipo giza tu;
nani atageuka akiitwa na koroboi saa sita mchana?

Asubuhi jina la Nyanjura lilikuwa limetoka.
Tena mashine ikavuka ziwa peke yake:
ilikuwa na mistari sita tu ya senene wa Bukoba,
mabati, mapipa, taa kali,
ikakisia kwamba nao, mwezi ukijaa, pipa hulia tupu.
Hakuna aliyeiambia. Nikapiga simu Kashozi. Kweli.
Ikajaribu na wauza chipsi wa Makoroboi,
kwa kuwa wateja nao hufuata taa.
Hapo ilichemsha.

Nikampelekea Nyanjura habari ya ushindi wake.
Alikuwa anashona gunia, sindano mdomoni.
Akaitoa.
"Mashine ilikuwa haijauona mwezi," akasema.
"Ninyi mlioniita mkosi miaka yote hii,
mlikuwa mkitazama wapi?"