Hajatoka

Meja Anaeli Nnko alivua magwanda mwaka wa themanini na tatu,
akayakunja kama alivyokunja kila kitu, pembe kwa pembe,
akashuka Arusha kutoka Monduli
na goti lenye kipande cha chuma cha Kagera,
na gongo.
Si gongo la kunywa, jamani. Gongo la mti, la huko India,
alikopelekwa kijana kusomea uofisa
akarudi na nyota begani na ugonjwa wa kriketi,
ambayo mtaani kwetu tuliiita kazi ya waliokosa kazi:
siku nzima juani, na chai katikati.

Timu ya mkoa ilikuwa ya wenye maduka na gereji.
Hasmukh wa vyakula, Gurdeep wa magari mabovu,
ndugu wawili wa mashine ya kusaga.
Walimtazama Mmeru huyu wa Akheri, miaka arobaini na sita,
suruali nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata,
wakamweka wa saba. Na mimi,
mtoto wa kutundika namba kwenye ubao, wakaniambia:
"Kwa huyu usihangaike kutafuta namba kubwa."

Kweli sikuhangaika.
Meja hakupiga. Meja alilinda.
Mpira unakuja, anaukaribisha, anauua miguuni,
anainua uso kama mtu aliyekwisha kufunga mlango usiku.
Ova baada ya ova. Jakaranda zinadondosha maua uwanjani,
wingu la Meru linashuka, linaghairi, linapanda,
na ubaoni kwangu nne ile ile inaota kutu.
Watazamaji walilala. Mbwa wa kilabu alilala.
Ila timu za wageni zilishaanza kunong'ona:
yule mzee ni mwiba wa samaki.

Sasa sikia mechi ile na Tanga.
Zimebaki mbio tano, wiketi ya mwisho. Meja ana ishirini na tisa,
namba ambayo sijawahi kumtundikia.
Mpira ukapita kando ya mkono wake, mlinda wiketi akaudaka,
hakuna aliyepiga kelele. Mwamuzi hakukohoa.
Meja akavua glavu, akakiangalia kidole,
akabana gongo kwapani, akaanza kuondoka.
"Unakwenda wapi?" Gurdeep alilia. "Nani kakutoa?"
"Umenigusa," akasema.
Tulifungwa kwa mbio nne.
Mwezi mzima Hasmukh alimwambia sukari imekwisha,
na enzi zile mtu ungeamini.

Jioni ile alinikuta nashusha namba.
Hakuniuliza kama nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika.
Akakalia kreti ya soda, akanyoosha goti.
"Mimi niliwahi kuandika barua saba, kijana.
Kwa wazazi. Kila moja: hakupata maumivu.
Leo ingekuwa ya nane."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na njaa.
Nikamuuliza tu, mpigaji aliyebaki mpaka mwisho
bila mtu kumtoa, kitabuni anaandikwaje?
"Hajatoka," akasema, akainuka kwa shida.

Mwaka juzi, tuliporudi kutoka kuzika, binti yake Nsia
aliniambia nichague kitu cha baba.
Nikachukua daftari lake la mbio.
Miaka kumi na mmoja ya sifuri, nne, kumi na mbili, sifuri,
kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ramani.
Ukurasa wa nyuma kabisa, majina:
Koplo Masanyiwa. Praiveti Likwelile.
Yule wa Pemba aliyeandikwa jina moja tu, Faki.
Wako saba. Safu ya mbio, tupu.
Safu inayofuata, saba zote: hajatoka.

La kwake halipo pale.
Liko ukurasa wa arobaini, mechi na Tanga:
Nnko, ishirini na tisa, ametoka.
Na palipotakiwa jina la aliyemtoa, kwa penseli:
mwenyewe.
Chini yake amepiga mstari, kwa rula.