Shimo Namba Kumi na Nne

Gothenburg, Februari. Mto umeganda kingoni tu,
katikati unapita mweusi, hauna habari na mtu.
Tunatoboa. Keekee inazama palipokuwa na chelezo,
inatoka na udongo ndani ya bomba, mrefu kama mkono wangu,
nami naulaza mezani, nausoma kutoka juu kwenda chini:

lami ya maegesho, sentimita kumi na mbili;
kokoto; kifusi cha matofali ya ghala lililoungua
mwaka aliozaliwa mama;
halafu masizi, halafu rangi nyekundu ya matumbo ya meli,
ganda juu ya ganda, kama kitunguu,
na ndani yake risasi, zebaki, na harufu
isiyo na jina kwenye fomu zetu.
Chini kabisa, mfinyanzi wa kijivu, safi,
usiojua kwamba juu yake pamekaa mji.

Ng'ambo ya uzio, ofisi ya mauzo imeweka
mtaa mzima chini ya kioo.
Niliingia kupasha mikono moto.
Nyumba za mbao nyepesi, ghorofa saba, maduka chini,
maktaba, tanuri la mikate, miti ya sifongo,
na watu wa plastiki, weupe, wasio na nyuso,
wote wanatembea, hakuna aliyebeba kitu.
Nikalitafuta shimo namba kumi na nne.
Palikuwa na shule ya chekechea.
Na bembea, ndogo kama ukucha.

Nikaandika namba. Sikuandika lingine,
kazi yangu ni namba.
Wiki mbili baadaye bembea imesogea
kidole kimoja kulia, na pale pa kwanza
pamebandikwa nyasi.
Bwana Lidmark wa mauzo akasema:
"Udongo mbaya wote utaondolewa."
Nikauliza unapelekwa wapi.
"Mbali," akasema, kwa upole,
kama anayemweleza mtoto alikokwenda paka.

Jumapili nikampelekea babu Evald
kitu kilichokuwa kimenasa kwenye bomba:
kishikio cha kikombe cha kaure.
Akakigeuza kwa vidole vitatu alivyoachiwa na mashine.
"Hiki cha Sixten. Kila meli iliposhushwa majini
meneja alivunja chupa, Sixten akavunja kikombe.
Alisema: wao wana chombo chao, nasi chetu."
Ni kweli? Sijui. Babu ana miaka tisini na mmoja,
vikombe vyote kwake ni vya Sixten.

Nikamtajia bei ya chumba kimoja
chenye dirisha la mtoni.
Akaniomba nirudie. Nikarudia.
Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.
"Miaka thelathini na minane," akasema,
"mimi nililipwa kuyatazama maji yale.
Na mara nyingi yalinichosha."

Sisemi waache. Upepo wa pale ni wembe,
na kwa miaka arobaini umewanyoa
magari na shakwe peke yao.
Wapo wanaotaka nyumba. Malin, dada yangu,
ni wa elfu tisa na kitu kwenye orodha,
analala sebuleni kwa watu na mtoto wake.
Nasema tu kwamba kutoboa kuna adabu yake:
ukitoboa, utajaza; ukijaza,
utaandika umejaza kwa nini.
Namba kumi na nne nimeijaza saruji laini,
nikapiga kigingi chenye utepe wa rangi ya chungwa.

Kishikio sikukiandika.
Fomu haina safu yake.
Babu amekitia mfukoni mwa koti,
na muuguzi anapompimia damu
hukipenyeza kidole, akakishika vile vile,
kwa uangalifu, asije akamwaga.