Hasara ya Nyasi

Miaka ishirini na sita nimekata nyasi za chuo hiki,
nikizimwagilia kabla jua la Wisconsin halijakolea.
Nazijua kama kinyozi ajuavyo vichwa vya wateja wake:
pale pana upara, chini ya mwaloni;
pale hurefuka upesi, bomba lilipovujia.

Jumatatu moja ya Aprili nikakuta mahema.
Kumi na manne. Moja la kitoto,
lina picha ya pweza.
Nikasema, Mungu wangu, mbegu zangu.

Msichana akanijia na kahawa.
Linnea, mwaka wa tatu, fizikia.
"Samahani kwa nyasi, Bwana Nygaard."
Samahani!
Wacheza mpira hawajawahi kuniomba radhi,
wala mama zao siku ya mahafali,
na visigino vinavyotoboa ardhi
kama dumuzi kwenye hindi.

Walitaka chuo kiuze hisa zake
katika kampuni inayotengeneza kifaa fulani cha ndege,
kidogo, walisema, kinaenea kiganjani.
Nchi yenyewe sikuijua. Nikaitafuta
kwenye ramani inayoziba ufa ghalani kwangu;
nikaweka kidole gumba, ikafichika yote.

Usiku walisoma majina.
Jina, umri. Jina, umri.
Zamu ya Anselm, mwenye kigugumizi,
ulimi ulikwama kwenye umri:
mi-mi-miaka mi
na hakuna aliyemmalizia.
Walimngoja.
Nami nilingoja, ufunguo wa bomba mkononi,
chakula changu kikipoa nyumbani.

Ng'ambo ya njia alisimama kijana mwingine, peke yake,
na picha ya kaka yake aliyevaa sare.
Naye hakulala.
Nani alimpelekea kahawa sikuona;
asubuhi nilikuta kikombe pale aliposimama,
rangi ile ile ya vikombe vya mahemani.

Siku ya tisa simu ikalia saa tisa usiku.
Fungulia vinyunyizio, Delbert. Vyote.
Nikauliza, sasa hivi?
Wakasema nyasi zinahitaji maji.

Ningeweza kusema bomba limepasuka.
Limewahi kupasuka mara nyingi bila kutumwa.
Nilifungulia.

Kwanza walicheka, kama watoto wa mtaani kwetu
siku za joto. Kisha Linnea akapiga kelele, "Daftari!"
wakaliangukia, sita, saba,
migongo juu, maji yakiwapiga,
kama watu wanaolinda moto.

Polisi walikuja kulipokucha. Hayo mliyaona.
Pweza alitolewa wa mwisho,
amekunjwa vibaya, mkono mmoja nje.

Kisha nikaletewa fomu: andika hasara.
Nikapima kwa kamba, nikaandika mita za mraba,
mbegu, mbolea, saa za kazi, sahihi yangu.
Barua zilipotumwa kwa wazazi
sahihi hiyo ilikuwamo.
Katika tamko la mkuu wa chuo
ile nchi haikutajwa hata mara moja.
Nyasi zilitajwa mara nne.

Mwezi wa sita, nikichokoa udongo karibu na mwaloni,
reki ikainua karatasi.
Majina walikuwa wameyaandika kwa wino;
maji yangu yameyafanya wingu la buluu.
Umri waliuandika kwa penseli,
na penseli haiogopi maji.

Watu husema wakubwa wakigombana
ziumiazo ni nyasi.
Mimi ni mtu wa nyasi, niulizeni mimi.
Nyasi zimeota.
Uwanja ni kijani, wageni wanaupiga picha,
hata pale penye upara pameanza kujaza.

Karatasi nimeibandika ghalani, juu ya ramani.
Kila nikienda kuchukua mashine naisoma,
polepole, kama Anselm:
mbili. Saba. Arobaini na moja.
Saba tena.
Tisa.