Kihisi cha Ukucha

Mzinga nilimuuzia Zurabi,
na lenzi yake, nzito kama mtoto aliyelala.
Bega likashukuru. Wenzangu wakacheka:
"Hicho kihisi, Nestani, ukucha tu!
Jioni kitaona nini?"

Kitaona chengachenga, najua.
Giza litatoka na mchanga,
kama mchele usiochaguliwa.

Lakini leo sokoni, Daraja Kavu,
muuza medali alipiga mwayo, meno yote nje,
wala hakuniona na kikamera changu kiganjani;
kisha kule chini, ukingoni mwa Mtkvari,
mdiria akatua juu ya tairi bovu.
Nikamvuta kwa kidole kutoka ng'ambo,
karibu, karibu,
hadi tone la maji mdomoni.

Picha ina mchanga.
Naila hivyo hivyo.