Mkufu wa Karani

Alifika Pongwe na waya shingoni,
waya wa uzio, umezama nyamani
mpaka manyoya yameota juu yake
kama nyasi juu ya kaburi la mgeni.

Sikumwita. Nilikuwa barazani nasokota singa,
naye akaketi mbali, akihesabu wapita njia:
mmoja, kichwa kinageuka; wawili, kinageuka,
kama yule karani wa shamba enzi za baba
aliyehesabu matita ya mkonge na bado akapunja.
Nikamwita Karani.
Akatikisa mkia, hakupunja.

Waya niliukata kwa koleo ya kuazima.
Ilichukua asubuhi mbili na vichwa vya dagaa.
Kidonda kilinuka; nusura nitapike, nasema kweli.
Kheri, mjukuu wa jirani, akaleta oili chafu ya gari:
"Wote wanapaka hii, bibi, ukurutu unakwisha."
Nikamwambia jipake wewe kwanza, kisha ujirambe.
Akacheka, akaenda kuwamwagia mchwa.

Nilichemsha maji, chumvi kiasi cha machozi,
nikayaacha mpaka kiwiko kikayakubali.
Majani ya mwarobaini, sufuria nzima,
yakatoa maji ya kijani, machungu kama deni.
Nikamwogesha mgongo, kwapa, nyuma ya masikio
huko kupe wanakofanyia vikao vyao.
Kila aliyeng'oka alizama kwenye kopo la mafuta ya taa:
tap.
Tap.

Bi Mwanahawa akachungulia juu ya ua wa makuti:
"Mbwa, jirani? Na sala zako?"
"Ndoo ya udongo ile pale, na maji yapo.
Mate yake nayaosha. Aliyemfunga waya
anaosha nini, mara ngapi?"
Hakujibu. Kesho yake alfajiri
matawi mawili ya mwarobaini, kutoka mti wake,
yalikuwa yameegemezwa mlangoni pangu.

Kidonda kilipofumba nikamsukia mkufu.
Singa nyeupe, za daraja la juu,
nikazichana kwa kitana cha misumari cha baba,
nikazipondaponda, nikazipaka mafuta ya nazi
mpaka zikaacha kuchoma kiganja changu,
na kiganja changu hakijawahi kusifiwa ulaini.
Ndani nikatia bitana ya kanga kuukuu,
ile ambayo jina lake limechakaa nusu,
limebaki neno moja: HAUOZI.
Nikashona neno hilo likae juu ya kovu.
Nafasi ya vidole viwili. Siyo kimoja. Viwili.

Mabaki ya singa sikuyatupa.
Nikayafunga vijibwa, sikio moja limesimama,
moja limelala, kama mwenyewe.
Nikavipeleka Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Mama mmoja akakishika kimoja, akakigeuza:
"Mbuzi huyu bei gani?"
"Elfu mbili," nikasema.
Mbuzi ni mbuzi. Nilinunua unga na dagaa.

Miezi mitatu ikapita, akaja mwanamume na baiskeli.
Akamtazama Karani, manyoya yanang'aa, mbavu zimejificha.
"Mbwa wangu huyo."
Karani hakubweka. Alihesabu: mmoja.
Akarudi nyuma ya kigoda changu,
akanikalia mguu kwa uzito wake wote.

"Kheri," nikasema, "ingia ndani,
kuna kitu kwenye msumari, kando ya kalenda."
Kheri akautoa ule waya, bado una unyoya wa kahawia.
"Chukua kilicho chako," nikamwambia yule bwana.

Akaupokea. Akaunyoosha, akaupinda,
akaupima kwa jicho kama bado unafaa,
akautia mfukoni
na kengele ya baiskeli ikalia yenyewe kwenye mashimo
mpaka kona ya mashine ya unga.

Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi.
Sikuutoa.