Siku Kumi na Mbili

Risiti imeandikwa jina langu: Sikujua Nandonde.
Mama aliniita hivyo kwa haki yake,
alidhani ni tumbo la ugonjwa, kumbe mimi.
Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey alipolisoma kwa sauti
aliangua kicheko, nami nikacheka naye,
nikamhesabia milioni moja na laki mbili,
fedha ya kikoba, ingali na joto la mikono ya wenzangu.

Tarehe kumi na tisa, Septemba.

Oktoba ikaja na mfumo mpya.
Wenyewe wakatangaza: aliyenunua kompyuta
kuanzia tarehe mosi atapandishiwa bure;
aliyetangulia, laki moja na themanini.
Nikahesabu siku kwa vidole, vya mikono vikaisha,
nikaazima viwili vya mguu.

Nikarudi dukani. Nderingo hakunikwepa,
alinivutia kiti, akanipangusia vumbi.
"Dada, mkate ukiununua asubuhi,
jioni ukashuka bei, utarudi kudai chenji?"
Mkate, nikamwambia, ningekuwa nimeshaula.
Hii bado naitafuna, marejesho manne yamebaki.
"Na kanga? Ijumaa likitoka jina jipya?"
Kanga ya zamani, Nderingo, haikatai kufunga kiuno
eti kwa kuwa jirani amevaa mpya.
Hii inakataa.
Jana mwanachuo kaniletea tasnifu ya toleo jipya;
mashine ikaifungua, ikatoa visanduku vitupu,
kurasa sitini na nne za visanduku,
ukuta mzima usio na mlango.
Akachomoa flashi yake, akavuka barabara kwa Mkinga.

"Sawa," akasema, "mpaka tuuweke wapi?
Nikikupa wewe wa siku kumi na mbili
kesho atakuja wa kumi na tatu,
keshokutwa wa mwaka jana, na mtoto mgongoni."

Hapo nilikwama. Feni ilizunguka. Mteja mmoja
aliuliza bei ya chaja, akaenda zake.

Kisha nikakumbuka karatasi ukutani siku ile,
PUNGUZO LA WIKI, na maboksi yakitolewa haraka haraka
kama nguo kambani wingu likitanda.
Nikasema: mpaka uwekwe pale
muuzaji alipoanza kujua.
Ninyi mlijua.
Mimi ndiye Sikujua.

Safari hii hakucheka mtu.
Akainama, akaninong'oneza: ghorofa ya pili
kuna fundi, atakuwekea ya wizi, elfu kumi na tano.
Nisiwadanganye, nilitamani. Mkono ulishafika kwenye pochi,
ukakaa humo muda mrefu kuliko inavyofaa,
ukatoka na nauli tu.

Nimefika Segerea jua limeinama.
Mlangoni pangu kuna kibao: NAKALA SH. 50.
Nilikiandika Jumatatu, kwa kalamu nyekundu,
Mkinga aliposhusha ya kwake.
Mbele ya kibao amesimama kijana wa Mzee Chilumba,
soksi moja juu, nyingine kwenye kisigino.
Jumapili alitoa nakala arobaini, mia kwa mia.
Hasemi neno. Anakisoma, anakirudia,
kana kwamba chini yake kuna maandishi madogo.

Hayapo. Ningeyaandika nani, kama si mimi?

Nikafungua droo, nikamhesabia elfu mbili.
Alizipokea kwa mikono miwili, akatoka mbio,
na kabla sijawasha taa
dada yake alikuwa mlangoni, anatweta,
bunda la karatasi kalikumbatia kifuani:

"Da Sikujua,
mimi nilitoa Jumamosi."